Mafia, Kusi Ikiingia

Kosa la safari yangu ya Mafia lilianzia kituo cha basi cha Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam: nilitazama saa, sikutazama mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu, yaani bamvua, maji makubwa, na siku za bamvua mwambao huu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hupwa kabisa kwenye saa nne. Baada ya hapo kila siku husogea mbele kama dakika 50. Basi lilikata kona pale Bungu, likatufikisha Nyamisati, bandari ya boti za Mafia, saa nne na nusu. Mkondo umebaki utepe, mikoko mizizi nje, boti imelalia tope.

"Shikamoo, nahodha. Tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba. Yaulize maji."

Kungoja si tatizo, chai ipo. Tatizo ni kwamba upepo wa kusi wa Juni hutulia usiku na kuchachamaa alasiri, kwa hiyo aliyekosa maji ya alfajiri amekosa na bahari tulivu. Tulipotoka mdomo wa delta ya Rufiji wimbi likaanza kupiga ubavu wa kulia, maana Kilindoni, bandari ya Mafia, iko mashariki na upepo unatoka kusini-mashariki. Omo, mbele ya boti, hupanda na kuporomoka. Kaa karibu na tezi, nyuma, tena upande wa kulia, ili moshi wa injini uende kwa wenzako wa kushoto. Utalowa, lakini kulowa ni nafuu. Tembe ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Na beba kopo lenye mfuniko. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, na mfuko mbadala, nathibitisha, unavuja.

Nilikaa Utende, kijiji cha Mafia, siku tatu. Chumba kilishuka bei vizuri, ila ada ya hifadhi ya bahari haijui msimu, hulipwa kwa siku. Mashua nayo hukodiwa nzima: Desemba mnagawana watu wanane, Juni mko wawili, na punguzo la chumba limeishia hapo. Papa potwe usimtafute, huyo ni wa Oktoba hadi Februari. Msimu huu ni wa kasa kisiwani Juani: mayai huanguliwa baada ya siku 55 hadi 60, walinzi wanahesabu kila kiota, kwa hiyo waulize kabla ya kukodi chombo.

Saa mbili asubuhi ngalawa bado zilikuwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu. Nje ya mwamba maji yalikuwa meupe kwa povu. Miaka yote muuza changu wa Feri, soko la samaki la Dar, akipandisha bei na kusema "bahari chafu, mteja wangu," nimemwona msanii.

Jumamosi nililipa bila kubishana. Nusu kilo tu, lakini.