Kisu cha Shilingi Elfu Nane

Uyole, Mbeya, Jumapili jioni.

Kisu changu kilipotea mwezi wa tano, na nimetumia siku nyingi kuliko nilivyotarajia nikitafuta kingine cha kushika nafasi yake. Hakikuwa kisu cha thamani. Kilikuwa kidogo, kisichokunjwa, chenye bapa la urefu wa kiganja, mpini wa plastiki nyekundu iliyokwisha kupauka na ala iliyovunjika mdomo, nami nilikipata miaka tisa iliyopita katika sanduku la vyuma vya mtumba pale Mwanjelwa kwa shilingi elfu sita, baada ya kubishana na muuzaji aliyeanzia elfu kumi. Juu ya bapa yalikuwapo maneno mawili yaliyofifia: Mora, Sweden. Kijana anayenisaidia kitaluni alikiacha, kwa maelezo yake mwenyewe, "hapo hapo juu ya miche", na miche yenyewe ilikuwa imekwisha kupakiwa kwenye gari la kwenda Tukuyu.

Nisingekisumbukia kama kazi yangu ingekuwa ya kumenya viazi tu. Ninaendesha kitalu kidogo cha parachichi, na kubebesha mche ni kazi ambayo yote inategemea ubora wa mkato. Unakata shina la mche uliotokana na mbegu, unalipasua katikati, kisha unachonga kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye parachichi la aina ya Hass, pande mbili mpaka kiwe kama kabari, unakipenyeza ndani ya mpasuko na kufunga kwa utepe wa nailoni. Tabaka la kijani lililo chini ya gome la kikonyo likigusana sawasawa na lile la shina, viwili hivyo vinashikana na kuwa mti mmoja. Likiwa limechanika au limepondwa, kikonyo kinakauka taratibu bila kelele, na wewe unagundua baada ya wiki kadhaa, wakati mteja amekwisha kulipa nusu ya fedha. Kwa hiyo kisu kinatakiwa kipite mara moja tu, bila kukereza. Wembe unaweza kufanya hivyo kwa miche michache, lakini hupinda kwenye shina nene na hauna huruma na vidole. Kisu cha kukunja nacho hujaa utomvu kwenye kiungo chake, kikawa kigumu kufungua asubuhi ya baridi na chepesi kujifunga pale ambapo hutaki kijifunge.

Nilijiwekea masharti matatu: kiwe kidogo na kisichokunjwa, kisizidi shilingi elfu kumi na tano, na nijue kilikotengenezwa. Baba Neema aliyakubali mawili ya kwanza bila neno, lakini la tatu lilimchekesha. "Kisu kinakata au hakikati," aliniambia. "Wewe unataka kukiozesha mtoto hata uulize ukoo wake?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilijua tu kwamba kile kisu chekundu kilinitumikia miaka tisa, kwamba nilikuwa nimekiamini kabla hata ya kukitumia kwa sababu ya yale maneno mawili, na kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli.

Nilianzia soko la Sido. Kwenye meza ya tatu au ya nne niliona kisu cha umbo nililolitaka, kinang'aa kama kioo, kimeandikwa Germany kwa herufi nyeusi. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinikabidhi kwa mikono miwili. "Hiki ni Mjerumani, mama. Elfu nne tu." Nilizisugua zile herufi kwa kidole gumba chenye mate, na herufi mbili za mwisho zikaanza kuondoka. Nikamuuliza ni Mjerumani wa wapi huyu asiyevumilia mate. Naye, nashukuru kwa uungwana wake, hakuendelea kunidanganya: alicheka akasema, "Wa Kariakoo, mama. Chukua kwa tatu na nusu." Nilikichukua, kwa kuwa nilitaka kukijaribu kabla ya kukihukumu. Nilikinoa kwa kinoo changu cha kawaida na makali yalipatikana upesi mno, jambo ambalo wasiojua hulisifia. Chuma laini hukubali makali upesi na huyaacha upesi vilevile. Kufikia mche wa kumi na tano kilikuwa hakikati tena, kinaponda. Sasa kiko jikoni, kinakata nyanya, na hata nyanya inabidi ziwe zimeiva.

Nisieleweke vibaya kuhusu hili, kwa sababu hapa kwetu neno "Mchina" limekuwa tusi la bidhaa, nami sitaki kulirudia. Visu vingi vya dunia, vibovu na vizuri, hutoka katika mji wa Yangjiang, mkoa wa Guangdong, ambako watu wanafua visu tangu enzi na enzi na ambako hukosi fundi wa kukutengenezea kisu kizuri ukimlipa bei ya kisu kizuri. Kama yule aliyekitengeneza kisu cha elfu tatu na nusu angeandika jina la mji wake, ningesema nimenunua kisu cha bei ndogo na nimepata cha bei ndogo, basi. Kinachoniudhi ni kwamba alijua kisu chake hakiwezi kujitetea kwa jina lake mwenyewe, akaazima jina la watu wengine.

Na wale walioazimwa jina nao waliwahi kuazima. Katika karne ya 19 mji wa Sheffield, Uingereza, ndio uliokuwa na sifa ya visu na mikasi, na watengenezaji wa Solingen, Ujerumani, walikuwa wakipeleka sokoni bidhaa za bei ya chini zilizopigwa mhuri wa Sheffield. Waingereza wakalalamika, na mwaka 1887 Bunge lao likapitisha sheria ya alama za bidhaa iliyokataza vitu vya kutoka nje kuonyesha asili yake kwa uongo. Ndipo yale maneno ya "imetengenezwa Ujerumani" yalipoanza kuandikwa kwa wingi, yakikusudiwa kuwa onyo kwa mnunuzi. Wajerumani wakaboresha kazi yao mpaka onyo likageuka sifa, na mwaka 1938 ikatungwa sheria huko kwao ya kulilinda jina la Solingen lisiandikwe juu ya kisu ambacho hakikutengenezwa katika eneo lile. Nilipomsimulia Baba Neema habari hii alisema kwamba basi yule kijana wa Sido naye apewe miaka hamsini. Inawezekana.

Kwa nini basi nisiagize tu kingine cha Mora? Niliuliza. Visu hivyo ni vya bei ya chini hata huko kwao, kuna vinavyouzwa chini ya dola 20, na hili ndilo lililonishangaza nilipoanza kulifikiria, maana Sweden si nchi ya mishahara midogo. Siri iko katika kazi yenyewe: bapa hukatwa na mashine kutoka kwenye ukanda wa chuma cha pua ulio na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, mpini humiminwa kwa plastiki juu yake, hakuna nakshi wala pambo, na mikono ya watu hugusa kisu mara chache. Kampuni yao inahesabu asili yake tangu mwaka 1891, katika kijiji cha Östnor karibu na mji wa Mora. Ni mwaka ule ule ambao wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na nakiri kwamba kwa miaka kadhaa, nikiwa sijui lolote, nilidhani majina hayo mawili yana undugu na kwamba kisu changu kililetwa na Kanisa. Hayana undugu wowote. Lakini kisu cha nafuu huko hakibaki cha nafuu kikifika Uyole. Pamoja na usafirishaji, bei niliyotajiwa ilikuwa mara nne ya kiwango changu, na fedha hiyo inanunua viriba vya miche ya msimu mzima.

Mtu aliyenielekeza kwa mhunzi alikuwa mwendesha bodaboda, ambaye panga lake la kukatia majani ya ng'ombe lilitoka huko. Mzee huyo anafanya kazi nyuma ya gereji moja upande wa Igawilo, chini ya bati nne. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, mwanangu, kisha akauliza moja kwa moja: "Jembe au panga?" Nilipomwambia kwamba nataka kisu kidogo cha kubebeshea miche alinitazama kama fundi nguo aliyeletewa shati lililokatika kifungo kimoja. Hata hivyo alinipa gogo nikae.

Ni Mkinga wa Makete, na anasema baba wa babu yake alikuwa mhunzi. Sina sababu ya kutomwamini, kwa kuwa Wakinga walijulikana kwa chuma muda mrefu kabla ya duka la kwanza la vyuma kufunguliwa Mbeya: walishuka kutoka milimani na majembe na mikuki kwenda kwa Wanyakyusa, nao wakapandisha chakula. Wapangwa wa Ludewa waliyeyusha chuma, na Wafipa walikuwa na malungu, zile tanuru za udongo zilizo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Mawe ya chuma hayajaisha. Liganga, huko huko Ludewa, kuna mlima wa chuma kilichochanganyika na titani na vanadi, na vanadi ni kitu ambacho watengenezaji wa visu duniani hukilipia ili makali yadumu. Nimeanza kusikia habari za Liganga nikiwa shule ya msingi. Nimezeeka kidogo, na bado ni habari.

Kwa hiyo mzee hafui chuma cha Liganga. Alinyoosha mkono akanionyesha rundo la springi za magari. "Hii ni ya fuso," alisema, akachagua kipande chembamba kutoka mwisho wa moja. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, kuweza kukaza ikipoozwa ghafla, wakati nondo ya kujengea, ambayo baadhi ya mafundi huitumia kwa kuwa ni rahisi, haikazi kama hiyo hata uifanyeje. Mjukuu wake alizungusha gurudumu la baiskeli linaloendesha feni, mkaa ukawa mwekundu, kisha wa rangi ya chungwa, naye akaanza kugonga juu ya kipande cha ekseli alichokizika ardhini badala ya fuawe. Alipomaliza umbo alikisawazisha kwa tupa, akakirudisha motoni, akakizamisha katika oili chafu, kikanguruma na kutoa moshi ulionikohoza. Kisha akasugua upande mmoja kwa msasa na kukipasha tena polepole, macho hayabanduki, mpaka rangi ya manjano kama ya majani makavu ikatembea juu ya bapa; hapo akakitoa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoamini nililipia, kwa sababu kisu kilichokazwa bila kupashwa upya huvunjika kama kigae. Mpini ni wa mpera. Bei ni shilingi elfu nane, na ala nikajitafutie mwenyewe.

Nilimwomba apige alama yake, hata herufi moja. "Alama ya nini?" aliniuliza. "Kikikusumbua si utakuja hapa hapa?"

Njiani nilijaribu kujibu swali la Baba Neema na nikashindwa kwa namna mpya. Chuma cha kisu kilitoka kwa Wajapani kikiwa kimebeba mizigo sijui barabara ngapi. Mpera ulikuwa wa jirani wa mzee. Ujuzi ulitoka Ukinga. Oili ilitoka kwenye injini ya mtu. Nikitaka kuandika juu ya bapa mahali kilikotengenezwa, nitaandika Igawilo bila kusita, ingawa ukikikata vipande na kuvirudisha kila kimoja kwao, Igawilo itabaki na mpini tu. Nadhani nilichokuwa nikikitafuta katika yale maneno mawili ya kisu chekundu ni uhakika kwamba yupo mtu ambaye hakuuficha uso wake alipokitengeneza. Mora sitafika. Igawilo nafika kwa bodaboda ya shilingi elfu moja.

Na nimekwisha kurudi huko, kwa sababu kisu si kamilifu. Kilikuwa kinene mno kuelekea makali, kikawa kinapasua kikonyo badala ya kukichonga, na ilinibidi nishinde jioni mbili na kinoo kupunguza upande mmoja. Kinashika kutu nikikisahau na maji, na utomvu wa ndizi umekigeuza kuwa cheusi kama sufuria ya kuni, lakini hilo ni la chuma cha namna hii wala halina dawa zaidi ya kukifuta na kukipaka mafuta ya kula. Lililonirudisha ni ncha, iliyopinda kidogo nilipokuwa nafungua kopo la rangi, kosa ambalo lilikuwa langu kabisa na nililoliungama. Mzee hakuniuliza risiti. Alikirudisha motoni, akanipa gogo lile lile.

Wiki hii nimebebesha miche arobaini, na makali yalihitaji kuguswa kwenye kinoo mara moja tu, baada ya mche wa ishirini na sita. Nimemwagiza cha pili kwa ajili ya kijana wa kitaluni, kiwe chembamba zaidi na chenye mpini mwekundu ili kionekane juu ya miche. Amekubali, ila ameniambia nitakapokifuata nimletee na yule Mjerumani wa jikoni, maana anataka kumpasha moto aone walimkosea wapi.