Mgomo wa UAW bado unanigusa

Kila nikikumbuka ule mgomo wa 2023 wa UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari kule Marekani, napata moyo kabisa. Mkataba wao wa kazi uliisha usiku wa Septemba 14, na UAW wakagomea kampuni tatu za magari, Ford, GM na Stellantis, kwa mpigo, kitu ambacho hawajawahi kufanya kabla, ila hawakutoa watu wote, walianza na viwanda vitatu tu, Wayne, Toledo na Wentzville, halafu wakawa wanaongeza kidogo kidogo, mabosi hawajui kesho zamu ya nani. Hapo ndo walicheza vizuri sana, maana waliogoma walikuwa wanaishi kwa dola 500 kwa wiki kutoka mfuko wa chama, na mfuko una mwisho jamani, wakigoma wachache unadumu zaidi. Wiki sita hivi, wakapata nyongeza ya mshahara ya 25% kwa muda wote wa mkataba mpya.