Risasi kibao, damu hakuna
Jana nimeangalia filamu ya mapigano na mpwa wangu. Watu wanakufa ovyo, lakini damu hata tone! Ndiyo hesabu ya PG-13, daraja la filamu linaloonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13, lililoanzishwa Marekani mwaka 1984 baada ya wazazi kulalamikia ukatili katika filamu za Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom. Filamu ikipewa R, daraja kali zaidi ya hilo, aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na studio hazitaki kupoteza tiketi za vijana. Basi studio zinafuta damu, maiti zinabaki. Tusi zito likirudiwa ndipo R inanukia (mauaji, ruksa!). Halafu filamu ya Joker ya 2019, yenye R, ikavuka dola bilioni 1 kwa mauzo ya tiketi. Sasa woga wote huo wa nini?