Siku niliyooga mwenyewe

Mguu ulipovunjika, mambo ya hospitali yalikwisha upesi kuliko nilivyotazamia. Gari lilinigonga nikivuka barabara, mifupa yote miwili ya muundi ikakatika, lakini ngozi haikupasuka, na madaktari walipouvuta mguu mifupa ikakaa sawa. Hawakuona haja ya upasuaji. Walinifunga plasta kuanzia juu ya paja hadi karibu na vidole, wakanipa magongo mawili, dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kupigwa picha, kisha wakaniruhusu nikaugulie nyumbani. Kwangu mimi kuugua kulianzia hapo.

Mdogo wangu alihamia kwangu siku hiyohiyo. Alikuja na begi moja, akatandika godoro chini kando ya kitanda changu, akaanza kazi bila kuulizwa. Alinipangia mito mguu ukae juu kuliko moyo, maana uvimbe ukiwa ndani ya plasta hauna pa kwenda. Asubuhi na jioni alinibonyeza kucha za vidole vya mguu, akaachia, akatazama kama rangi inarudi mara moja. Tulikuwa tumeonywa kwamba vidole vikipoa na kufa ganzi, au maumivu yakizidi kupanda hata baada ya dawa, hasa kidole kikinyooshwa, tusingoje kupambazuke. Uvimbe unaweza kubana damu isifike kwenye misuli, na saa chache tu zinatosha kuiharibu. Kwa hiyo hata usiku wa manane nilimsikia akiinuka na tochi ya simu, akigusa vidole vyangu kimoja kimoja, kisha akirudi kulala. Yeye pia ndiye aliyenichoma tumboni zile sindano za kuzuia damu isigande. Mwanzoni mkono wake ulitetemeka kuliko tumbo langu.

Na alinikogesha. Hili nataka nilieleze vizuri, kwa sababu wengi wakisimulia kuvunjika mguu husimulia maumivu, na maumivu yana dawa.

Alileta beseni la maji ya uvuguvugu, vitambaa viwili na taulo kubwa. Alifunua sehemu moja tu ya mwili, akaisafisha, akaikausha, akaifunika, ndipo akahamia nyingine. Hata siku moja hakuniacha nimelala wazi. Wakati wote alizungumza habari za watu wengine, nani amehama, nani kagombana na nani, ili macho yetu sote wawili yapate pa kwenda. Hakuna aliyemfundisha hayo. Nilimshukuru wakati ule na namshukuru leo.

Lakini mimi ndiye mkubwa. Huyu nilimbeba mgongoni, nilimwosha miguu yenye matope kabla hajajua kutamka jina langu sawasawa. Kila aliponiambia, "Dada, geuka kidogo," nilihisi kitu kinakatwa humo ndani ambacho hakionekani kwenye picha ya eksirei. Heshima yake kwangu haikupungua hata chembe, na huenda ndiyo sababu iliniuma zaidi.

Ndipo nikaanza kunywa maji kidogo. Kwenda chooni usiku kulimaanisha kumwamsha: aushike mguu unaposhuka kitandani, anisimamishe, anisindikize, anisubiri, anirudishe, aupandishe mguu juu ya mito. Nilimwona mchana akijinyoosha mgongo akidhani simwoni. Kwa hiyo jioni ikifika nililowesha midomo tu. Dawa kali za maumivu hufunga choo, na bila maji ni mateso juu ya mateso. Tena mtu aliyelala siku nzima ndiye hasa asiyetakiwa kukaukiwa maji, kwa sababu damu yake tayari iko katika hatari ya kuganda kwenye mishipa ya mguu. Yote hayo niliyajua. Sikutaka kumwamsha.

Aligundua kwa chupa. Asubuhi moja aliiinua, akaitazama kwenye mwanga.

"Dada, haya maji ni ya jana."

Nikanyamaza.

"Unanihurumia mimi kwa figo zako?"

Nikamweleza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafikiri kwa muda mrefu, wala hakukasirika. Kisha akasema, "Basi tutafute njia ya wewe kutoniamsha. Maji utakunywa."

Tangu siku ile alianza kuipanga nyumba upya. Mazulia madogo yote aliyakunja akayaficha. Waya wa taa uliokatiza njiani aliuzungusha nyuma ya kabati. Kitanda alikisogeza kikawa karibu na mlango, upande wa mguu mzima ndio uwe upande wa kushukia. Mtu anayetembea kwa magongo hana mikono, jambo ambalo huwezi kulijua mpaka usimame jikoni na kikombe chako mezani usiweze kwenda nacho popote. Kwa hiyo alinishonea mfuko wa kuvaa shingoni ukipita kifuani: humo ilikaa simu, dawa, na chupa ya maji yenye kifuniko. Nilianza kujisafirishia vitu vyangu mwenyewe. Ni jambo dogo kwa mwenye miguu miwili. Mimi nilihisi nimerudishiwa nusu ya nyumba.

Daktari wa mazoezi alitusaidia kwa yaliyobaki. Aliyapima magongo upya, akaacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na kichwa cha gongo, na vishikio vikafika usawa wa kifundo cha mkono. Uzito, alisema, unabebwa na viganja, kamwe si makwapa, kwa sababu makwapani inapita mishipa ya fahamu na ukiikandamiza mkono unaweza kulegea. Alinifundisha kukaza msuli wa paja ndani ya plasta, kushikilia kidogo, kuachia, na kurudia mara nyingi kwa siku, maana paja lisilotumika hunywea haraka mno. Na alinizoesha kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kabla ya kusimama. Nikishuka tu, vidole viligeuka zambarau na mguu wote wa plasta ukawa mzito ukipwitapwita. Mara ya kwanza tuliogopa sana. Akatueleza kwamba ni damu inayoshuka kwenye mguu uliozoea kuinuliwa, na kwamba rangi ingerudi nikiupandisha. Ikarudi.

Siku zile nilisoma sana, kwa kuwa kulala sana hakuleti usingizi. Nikakutana na habari za Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi ambaye mwaka 1851 alianza kutumia bendeji zilizopakwa unga wa jasi: unaziloweka, unaufunga mguu, zinaganda baada ya dakika chache na kuwa ngumu. Majeruhi wake waliweza kuhamishwa bila mifupa kuachana. Nilimsomea mdogo wangu kwa sauti. Nikamwambia, unaona, plasta ilibuniwa ili mtu aondoke mahali alipo. Mimi nimeifanya sababu ya kukaa. Akacheka, akasema, "Unataka kwenda wapi?"

"Bafuni," nikasema. "Peke yangu."

Hakucheka tena. Tulilizungumza jambo hilo siku kadhaa kama watu wanaopanga safari. Plasta ya jasi ikilowa inalainika na kupoteza kazi yake. Hata isipolainika yote, pamba iliyo chini yake inabaki na unyevu, ngozi inachubuka na kunuka, na wewe huwezi kuiona. Halafu kuna sakafu yenyewe. Kuanguka na mguu ule kungeturudisha mwanzo kabisa, au nyuma zaidi. Yeye alizitaja hatari, mimi nikazitafutia jibu, na lililokosa jibu tuliliuliza.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kwa sababu asubuhi nilikuwa na nguvu zaidi. Bafuni aliweka kiti kizito cha plastiki chenye miguu isiyoteleza, na mbele yake stuli ya kuegeshea mguu. Chini alitandika mkeka wa mpira. Ndoo ya maji aliiinua juu ya stuli nyingine ili nisiiname, na kopo, sabuni na taulo vyote vikawa mahali mkono unapofika nikiwa nimekaa. Juu ya plasta, pale pajani, nilizungusha kitambaa kikavu cha kunasa matone, kisha tukavuta mfuko mkubwa wa plastiki, na mwingine juu yake, tukaubana kwa utepe wa gundi. Tulikubaliana mlango haufungwi kwa ufunguo. Tulikubaliana pia kwamba haingii mpaka nimwite.

Niliingia kwa magongo hatua fupifupi. Nikageuka, nikarudi kinyumenyume mpaka mguu mzima ukagusa kiti, nikautanguliza ule wa plasta mbele, nikashika kiti kwa mkono, nikakaa. Sikushika sinki wala chuma cha kutundikia taulo; vile havikuwekwa kubeba mtu. Magongo nikayaegesha ukutani karibu. Yeye akautua mguu wangu juu ya stuli, akatoka, akaurudishia mlango.

Kimya. Sikuwa nimekaa chumbani peke yangu, mlango umefungwa, tangu siku ya ajali.

Nikachota kopo la kwanza nikalimimina mgongoni. Sina namna ya kulieleza hilo vyema zaidi ya kusema kwamba kitambaa chenye maji hakifiki pale maji yenyewe yanapofika. Nilijimwagia tena. Nikaosha nywele, nikajisugua shingo, mabega, kila mahali ambapo kwa wiki nyingi nilifikiwa kwa mkono wa mtu mwingine. Sikuharakisha. Nilikuwa nimejisahau kabisa sabuni iliponiponyoka.

Iligonga sakafu, ikateleza, ikaenda kukaa kwenye kona ya mbali kabisa.

"Kuna nini?" Sauti yake ilitoka papo hapo, karibu mno na mlango.

"Sabuni imeanguka."

Akakaa kimya. Nikajua anangoja neno langu. Ningesema njoo, angeingia, angeiokota, na mambo yangekwisha. Nikajua pia kwamba ningemaliza kuoga siku hiyo nikiwa nimesaidiwa tena.

"Unaifikia?" akauliza.

"Ngoja."

Nilijishika sawasawa kwenye kiti kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikachukua gongo moja, nikalinyoosha kando bila kuinuka wala kuinama. Kile kipira cha chini kikagusa sabuni, ikateleza zaidi ukutani. Nikakiweka nyuma yake, taratibu, nikaivuta. Ikaja kidogo. Nikaivuta tena. Ilipofika chini ya kiti niliisogeza kwa mguu mzima mpaka mahali ambapo vidole vya mkono vingeifikia pembeni ya goti, nikaiokota.

"Nimeipata," nikasema.

Nje ya mlango nilisikia pumzi ikishushwa.

Baadaye aliniambia kwamba muda wote ule mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Alikuwa amekwisha kukizungusha. Alisema kuamka usiku, kuninyanyua, kunichoma sindano, vyote hivyo vilikuwa na mahali pa kushika. Kusimama pale bila kuingia ndiko kulikomchosha. Ninaamini. Nimeuguzwa na mtu anayejua kutenda na anayejua pia kuacha kutenda, na sidhani la pili ni rahisi kuliko la kwanza.

Nilijikausha nikiwa nimekaa, nikavaa gauni pana kwa kichwani. Nilipomwita aliingia kwanza na kitambaa akapangusa sakafu na vipira vya magongo, maana kipira kilicholowa huteleza kama barafu. Tukaivua ile mifuko. Akapitisha kidole pembeni ya plasta kuizunguka yote.

"Pakavu," akasema. Kisha akapitisha tena, kuhakikisha.

Nilichoka siku ile kuliko nilivyowahi kuchoka nikiwa mzima. Nililala mchana kutwa, mguu juu ya mito, na jioni nikanywa maji chupa nzima mbele yake. Usiku godoro lake alilivuta likaenda chumba cha pili, milango yote miwili ikaachwa wazi. Saa fulani ya usiku nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikangoja kizunguzungu kipite, nikaenda chooni na kurudi. Sijui kama aliamka. Kama aliamka, hakusema.

Asubuhi nikamwambia nataka kujaribu ngazi.

"Leo unapumzika," akajibu. "Ngazi Jumamosi. Na nitakuwa nyuma yako, kidato kimoja chini."

Jumamosi ikafika. Kupanda, mguu mzima hutangulia na magongo hufuata pamoja na mguu mgonjwa. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa ndio hutangulia. Tulilirudia hilo kwa sauti, yeye akisema na mimi nikifuata, nikapanda vidato vichache vya kwanza, nikapumzika, yeye akahamia mbele yangu, tukashuka.