Akili ya Kuzaliwa Tulifundishwa na Nani?

Ngazi mpya siku hizi inakuja imebandikwa maonyo tele. Usisimame kipandio cha juu kabisa. Usiiegemeze kwenye kioo. Ukiyasoma unacheka, halafu inakutoka ile kauli yetu: zamani watu walikuwa na akili zao.

Leo nimekaa nikijiuliza hiyo akili ilikuwa kitu gani hasa. Chukua ngazi hiyo hiyo. Fundi wa zamani hakupima pembe. Alisimama vidole vikigusa miguu ya ngazi, akanyoosha mikono mbele usawa wa mabega. Viganja vikifika kwenye kipandio bila kuinama wala kukunja viwiko, imekaa sawa. Hiyo ni kama nyuzi 75: kwa kila mita 4 kwenda juu, mita 1 kutoka ukutani. Ukiisogeza karibu mno na ukuta, itakupindua kinyumenyume ukishafika juu. Ukiiweka mbali mno, miguu yake inateleza. Aliyelifanya hilo mara mia halioni tena kama ujuzi, analiita akili ya kuzaliwa. Wapi! Alishikilia ngazi ya mwenzake muda mrefu huku akitazama.

Yai nalo hivyo hivyo. Likitiwa majini likalala chini, ni jipya. Likisimama wima, limekaa siku nyingi. Likielea, limezeeka kweli, kwa sababu unyevu umetoka kupitia ganda na hewa imechukua nafasi yake. (Hapo umejua umri tu. Vijidudu havielei.) Na radi: hesabu sekunde tangu mwanga mpaka ngurumo, gawa kwa 3, umepata kilomita. Sauti huenda takriban mita 340 kwa sekunde. Sekunde zikipungua chini ya 30, uwe umeshaingia ndani.

Nayakumbuka hayo kwa hamu, sikatai. Ila tunapoisifu zamani huwa tunaruka ukurasa mmoja. Fyuzi ilikatika, mtu akafunga waya mnene na kuonekana mjanja, kumbe fyuzi iliwekwa iyeyuke kabla ya nyaya za ukutani. Sasa zinazoungua ni za ukutani. Hiyo pia iliitwa akili.

Kubwa zaidi ni moto wa mafuta jikoni. Akili ya haraka inasema maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, na kule chini kuna joto linalozidi nyuzi 300. Yanageuka mvuke papo hapo, ujazo wake ukiongezeka takriban mara 1,700, na mvuke huo unayarusha mafuta juu yakiwa matone madogo yanayowaka. Kikombe kimoja kinatosha kupeleka moto darini.

Kinachotakiwa ni kuzima jiko kama swichi inafikika bila kupitisha mkono juu ya moto, kisha kutelezesha mfuniko wa chuma kuanzia upande wako kwenda mbele, ili mfuniko wenyewe ukukinge. Usiinue sufuria kuikimbiza nje; mafuta yatakumwagikia. Halafu linakuja gumu kuliko yote, kuuacha mfuniko ulivyo. Baada ya dakika 2 kumetulia na mkono unawasha kutaka kuchungulia, lakini mafuta bado yana joto la kuwaka yenyewe, yanasubiri hewa tu. Uache mpaka sufuria ipoe kabisa.