Nachagua mche kuanzia mizizi: uzoefu wangu wa kununua kitaluni

Nikifika kitaluni naomba jambo moja kabla ya kuuliza bei: niruhusiwe kuona mizizi. Wenye vitalu wazuri hawakatai, na anayekataa huwa amenipa jibu tayari.

Nalaza chungu ubavu, nashika shina pale linapoingia udongoni, nabonyezabonyeza kingo za chungu mpaka udongo uachie, kisha nauchomoa mche taratibu na bonge lake lote. Mizizi mizima imekaza, na ncha zake changa ni nyeupe au za rangi ya maziwa. Miti mingi ina mizizi ya kahawia kwa asili, kwa hiyo rangi peke yake hainitoshi. Nashika mzizi mmoja kwa vidole viwili na kuuvuta kidogo. Ukiwa umeoza, ganda lake huvuka lote mkononi na kubaki uzi mwembamba wa katikati, na udongo hutoa harufu ya uvundo. Mara nyingi maji yamezidi, mizizi ikakosa hewa, kuvu wakaingia. Cha ajabu ni kwamba majani ya mche kama huo yanaweza kubaki ya kijani kwa muda kabla ya kuanza kunyauka, ndiyo maana sianzi na majani.

Natazama pia mizizi imekaaje. Ikiwa imezunguka ndani ya chungu duara baada ya duara hadi udongo hauonekani, mche umekaa humo kupita kiasi. Kwa maua ya msimu sina neno. Naitawanya kwa vidole au naichana kwa kisu nikifika nyumbani, nayo hutoa mizizi mipya. Kwa mti utakaokaa miaka mingi nauacha. Mzizi uliojizungusha huendelea kunenepa palepale, na baada ya miaka unaweza kulikaba shina. Kinyume chake nacho kipo: unauchomoa mche, udongo wote unamwagika, mkononi unabaki na vimizizi vichache. Huo umehamishiwa chungu kikubwa juzijuzi, na ukinunua unalipia udongo.

Miche ya kwenye viriba haichomoleki bila kuchana mfuko, kwa hiyo nautikisa mche kidogo kwa shina. Udongo ukitikisika pamoja nao, umeshika. Shina likicheza peke yake, bado. Nakagua na chini ya kiriba: mzizi mnene uliotoboa na kujichimbia ardhini utakatwa siku ya kuung'oa, na mche utaumia. Nikibahatika kuona mizizi yenye vinundu vilivyovimba, naondoka, sinunui chochote kwenye kitalu hicho. Hao huenda ni minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoishi ndani ya mizizi, na wakishaingia kwenye bustani kuwatoa ni kazi kubwa mno.

Mama mmoja mwenye kitalu aliwahi kunishauri, "Chukua huo mrefu, mwanangu, umeshachanua." Nikamjibu, "Asante mama, ila naomba huo mfupi wa nyuma." Sikuwa nambishia. Ule mrefu ulikuwa na nafasi ndefu kati ya jani na jani, shina jembamba, umeegemea upande mmoja. Ulikuwa ukikimbilia mwanga kwa sababu miche ilibanana. Mfupi ulikuwa na shina nene na vichomozo vya ubavuni. Kuhusu maua, mche uliochanua wote unatumia nguvu zake huko wakati mimi nataka utoe mizizi. Wenye vitumba vichache ndio wangu.

Majani nayageuza. Wadudu wengi wasumbufu hukaa upande wa chini, kwenye kivuli. Nzi weupe huruka ukitikisa tawi. Vidukari hujazana kwenye ncha laini. Vidung'ata hujificha kwenye makwapa ya majani wakiwa na utando kama pamba. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani natafuta wanachofuata, maana mara nyingi wanafuata majimaji matamu ya wadudu hao. Utitiri ndio wenye hila kuliko wote, ni mdogo mno kwa macho. Kwa huyo nina karatasi nyeupe mfukoni. Naiweka chini ya tawi, nagonga majani mara kadhaa, halafu natulia na kutazama. Vumbi halisogei. Vidoa vikianza kutembea, narudisha mche mahali pake, tena mbali na ile niliyokwisha kuichagua.

Jani moja au mawili ya chini yakiwa ya manjano hainitii wasiwasi, huo ni uzee. Majani machanga yakiwa ya manjano huku mishipa imebaki ya kijani, mara nyingi mche unakosa madini ya chuma, na hilo hurekebishika. Mabaka ya kijani hafifu na kijani iliyokolea yaliyochanganyika bila mpangilio, pamoja na majani kujikunja, hayo siyagusi. Yanaweza kuwa virusi, na virusi vya mimea havina dawa ya kuvitibu.

Mti wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha aina moja kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine, una ukaguzi wake. Maungio yawe yamefunga vizuri, bila ufa wala gundi inayotoka, na yawe juu ya udongo. Chipukizi lililotoka chini ya maungio ni la mti uliobeba, si la aina niliyoifuata, na likiachwa linaweza kuushinda ule wa juu. Magugu nayo nayatazama, hasa ndago. Nikiliona moja tu chunguni nauacha mche, kwa sababu viazi vyake vidogo vimeshafichama udongoni.

Kabla ya kulipa nauliza miche ilipigwa dawa lini na ilikaa juani au kivulini. Nikifika nayo naitenga na mimea mingine kwa wiki 2 au 3, kwani mayai ya wadudu hayaonekani siku ya kununua. Iliyotoka kivulini naitoa nje asubuhi tu, kisha naongeza saa za jua kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10, ndipo nachimba shimo.