Andikeni kwanza, tujadili baadaye: ninavyofundisha ukumbini na mtandaoni

Nafundisha takwimu za awali kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, baadhi yao ukumbini na wengine mtandaoni. Kwa miaka kadhaa sasa vipindi vyangu vimejengwa juu ya sharti moja: hakuna anayesikia jibu la mwenzake kabla hajaandika la kwake. Mbinu nyingine zote ninazotumia zimechipuka hapo.

Mwalimu akiuliza "Nani anajua?", mikono ni ile ile miwili mitatu, jibu sahihi linatoka, na darasa zima linaonekana limeelewa. Waliobaki hawakupata hata nafasi ya kufikiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Yeye alichunguza madarasa ya shule, lakini anayefundisha chuo na ajaribu kunyamaza sekunde 3 mbele ya ukumbi uliojaa, ataona zinavyokuwa ndefu. Wanafunzi wakiwa wanaandika, navumilia kimya hicho bila taabu, maana najua kuna kazi inafanyika.

Nitoe mfano wa swali lenyewe. Naweka kwenye slaidi: wafanyakazi 11 wana mishahara tofauti, na anayelipwa zaidi kuliko wote anaongezewa mshahara mara mbili. Kitabadilika nini: wastani, mediani (mshahara wa katikati yote ikipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa), vyote viwili, au hakuna? Nawapa dakika 2 waandike jibu na sababu kwa sentensi moja. Kisha kila mmoja anaonyesha jibu kwa vidole, kimoja hadi vinne, mkono ukiwa umebanwa kifuani ili jirani asichungulie. Nikiwa mbele nauona ukumbi mzima mara moja.

Utaratibu wa kujibu, kujadiliana na jirani, kisha kujibu tena ulianzishwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991, na mimi nafuata kipimo chake. Waliopata jibu sahihi wakiwa takriban asilimia 30 hadi 70, nawaachia wajadiliane. Wakipungua hapo, narudi kueleza upya, kwa sababu hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wakizidi, tunasonga mbele.

Wakati wa mjadala natembea nikisikiliza. Hoja inayojirudia karibu kila muhula ni hii: "Mshahara wa mtu umebadilika, basi orodha imebadilika, basi mediani lazima ibadilike." Kuna mwanafunzi aliyejibiwa na jirani yake bila maneno mengi. Jirani alichora mistari 11 kwenye daftari kuanzia mfupi hadi mrefu, akazungushia duara ule wa 6, akaurefusha ule wa mwisho, kisha akamsogezea mwenzake daftari: "Haya, nionyeshe huyu wa sita amehamia wapi." Mwenzake aliuangalia mchoro kwa muda, akafuta jibu lake. Mimi ningeeleza jambo hilo kwa dakika tano na huenda lisingemwingia namna ile. Baadaye mwingine akauliza, "Mwalimu, na kama anayeongezewa ni yule wa chini kabisa?" Swali hilo lilikuwa bora kuliko langu, kwa hiyo tuliliandika ubaoni, tukarudia duru nzima. Akipanda kidogo, mediani inabaki palepale. Akimruka yule wa katikati, inapanda.

Mtandaoni sharti ni lile lile, kinachobadilika ni chombo. Nawaambia waandike jibu kwenye sehemu ya ujumbe lakini wasitume mpaka niseme "Tuma". Nikisema, majibu yanamiminika kwa pamoja, na hapana aliyepata muda wa kunakili la mwenzake. Wale ambao hawajawahi kufungua maiki wanaonekana, na mwenye intaneti hafifu hapitwi, kwa kuwa maandishi ni mepesi. Kamera simlazimishi mtu. Jibu lililoandikwa linaniambia mengi kuliko uso ulio kwenye skrini.

Vyumba vya makundi, yaani vile vidogo ambamo wanafunzi wa mtandaoni hugawanywa wajadiliane, vilinihitaji kufikiri zaidi. Ukiwapeleka watu huko na kuwaambia "jadilini", wengi watakaa kimya wakingoja muda uishe. Kazi lazima izae kitu kinachoonekana. Kwa hiyo kila chumba cha watu 3 au 4 kina ukurasa wake kwenye waraka wa pamoja, na agizo ni mahususi: andikeni sentensi mbili za kumshawishi mtu aliyechagua "vyote viwili". Anayeandika ni yule ambaye jina lake linatangulia kialfabeti, ili dakika za mwanzo zisiishie kwenye kubembelezana. Nami sirukiruki kati ya vyumba. Naangalia kurasa zinavyojaa, nikiona iliyobaki tupu ndipo naingia.

Nikiwa na wa ukumbini na wa mtandaoni kwa wakati mmoja, wa mtandaoni nawakutanisha wao kwa wao. Kuwaunganisha na walio ukumbini wakati watu wote wanaongea ni kuwaonea, hawasikii chochote zaidi ya kelele.

Wapo wanaolalamika, na nawaelewa. "Mwalimu, sisi tumekuja kufundishwa, mbona tunafundishana?" Ndiyo maana wiki ya kwanza nawaeleza utafiti wa Harvard uliochapishwa mwaka 2019 na Louis Deslauriers na wenzake. Wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa njia shirikishi walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Kuumiza kichwa kunachosha, na uchovu huo mtu huudhania ni kutoelewa. Nawatajia pia uchambuzi wa Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: waliofeli kwenye mihadhara ya kawaida walikuwa kama asilimia 34, na kwenye madarasa shirikishi kama asilimia 22. Kwangu mimi, wale waliookoka hapo katikati wanatosha kuwa sababu.

Hata hivyo mhadhara sijautupa. Baada ya mjadala naeleza kwa dakika 10 au 15, na hapo ndipo maelezo yanapoingia, kwa kuwa kila mtu ana jibu lake anataka kulithibitisha. Fasili na fomula wanazisoma kabla ya kipindi, kukiwa na maswali machache ya kujibu. Bila hilo muda usingetosha kabisa.

Wanaofuata kwa rekodi wana utaratibu wao. Swali likifika, slaidi inawaambia wasimamishe video, waandike jibu na sababu kwenye fomu, ndipo waendelee. Mwisho wa video wanajaza tena. Majibu hayo nayasoma pamoja na vikaratasi ambavyo wa ukumbini huniachia wakitoka, vyenye jambo moja ambalo bado halijakaa sawa, na kipindi kinachofuata naanza na lile lililotajwa na wengi.